Mlinzi wa Darini Naye Ataka Kutunzwa

Wazee wetu walisema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Ni maneno ya kweli, na kwa muda mrefu yaliwatosha, maana mtu aliye macho huuona moshi ukitoka kwenye paa la jirani akapiga yowe, na watu wakaja mbio na ndoo za maji na mchanga. Lakini methali hiyo ina sharti moja ambalo halitajwi: yataka awepo mtu aliye macho. Usiku, milango ikiwa imefungwa na watu wamelala, moshi waweza kufuka muda mrefu asipatikane wa kuuona. Wengi hudhani kwamba pua itawaamsha. Haiaminiki. Mtu aliyelala hanusi kama anavyonusa aliye macho, na moshi wenyewe umechanganyika na hewa ya sumu inayomzidishia usingizi. Ndiyo sababu wengi wanaokufa katika moto wa nyumba hawauawi na miali ya moto, bali huuawa na moshi, na aghalabu kabla miali yenyewe haijafika kitandani.

Leo twataka kuzungumza juu ya kifaa kidogo kilichoundwa kwa ajili ya saa hizo za usingizi, nacho ni king'amuzi cha moshi, ambacho watu wengi hukiita kengele ya moshi. Katika miji yetu kifaa hiki chazidi kuonekana: katika nyumba za ghorofa, katika nyumba za kupanga, na katika nyumba za wafanyakazi waliojenga kwa jasho lao. Wengi wetu twakiona darini kila siku tusijue hata kama ki hai au kimekufa. Basi neno letu la leo si juu ya kukinunua tu. Ni juu ya kukitunza, kwa maana kengele iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa na kengele kabisa. Asiye na kengele hulala kwa hadhari, lakini mwenye kengele iliyokufa hulala akidhani analindwa.

Yafaa kwanza tujue kilivyopatikana na kinavyofanya kazi. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1930 mtaalamu mmoja wa fizikia wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akijaribu kuunda chombo cha kutambua gesi ya sumu. Chombo chake hakikuitambua gesi hiyo. Kwa kukata tamaa akawasha sigara, na mara akaona sindano ya kipimo chake inatikisika: chombo kilichoshindwa kuitambua sumu kilikuwa kimeutambua moshi. Vyombo vya kwanza vilivyofuata vilikuwa vikubwa na vya gharama, vikafungwa katika viwanda na majumba ya fahari. Mtu wa kawaida alilazimika kungoja mpaka miaka ya 1960, ambapo mhandisi Duane Pearsall wa Colorado, Marekani, pamoja na wenzake, walitengeneza kengele ndogo ya nyumbani inayotumia betri. Katika miaka ya 1970 kengele hizo zikaanza kuuzwa kwa wingi.

Kengele za nyumbani ziko za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ina chembe ndogo sana ya madini yaitwayo amerisiamu, ambayo huifanya hewa iliyo ndani ya kichumba cha kifaa ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme huo hupungua, na kengele hulia. Namna ya pili hutumia mwanga. Ndani yake mna taa ndogo na jicho la umeme, navyo vimewekwa hivi kwamba mwanga wa taa hauligusi jicho. Moshi ukiingia, chembe zake huutawanya mwanga, nao ukaangukia jicho, na kengele hulia. Namna ya kwanza ni nyepesi kwa moto unaowaka kwa miali ya haraka. Namna ya pili ni nyepesi kwa moto unaofuka polepole, kama ule wa godoro au kiti cha sponji, wala hailii ovyo kwa sababu ya mapishi. Katika vyumba vya kulala na ushorobani wengi husifu hii ya pili, na mwenye uwezo huweka zote mbili.

Ili tuone kazi ya kifaa hiki na pia mpaka wa kazi yake, tutazame mkasa ulioutikisa ulimwengu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, mjini London, moto ulizuka jikoni katika ghorofa ya 4 ya jengo liitwalo Grenfell Tower, lenye ghorofa 24. Ulianzia kwenye jokofu, karibu saa 7 usiku. Mpangaji wa nyumba hiyo alikuwa amelala. Kilichomwamsha ni kengele yake ya moshi. Akaamka, akawaamsha waliokuwa pamoja naye, akawaita askari wa zimamoto, na wote wa nyumba hiyo wakatoka salama. Lakini moto ulipenya dirishani ukashika vifuniko vilivyobandikwa ukutani kwa nje, vifuniko ambavyo havikustahili kabisa kubandikwa kwenye jengo la watu, ukapanda mpaka juu kwa muda usiotimia nusu saa. Jengo halikuwa na kengele moja ya kuwaamsha wakazi wote, na kwa muda mrefu wengi wao waliambiwa wabaki ndani. Watu 72 walipoteza maisha yao.

Hatusemi kwamba kengele za moshi peke yake zingaliwaokoa watu hao. Kosa kubwa lilikuwa la vifuniko vile na la wale walioviruhusu. Lakini tazama jambo hili: katika nyumba ambamo moto ulianza, mahali ambapo hatari ilikuwa karibu kuliko pote, hakuna aliyekufa, kwa sababu kengele ilikuwa hai na ililia mapema. Baada ya mkasa huo Serikali ya Uskoti ilitunga sheria, iliyoanza kutumika Februari 2022, kwamba kila nyumba iwe na kengele zilizounganishwa, ili mojawapo ikilia zote zilie. Wenzetu hao walijifunza kwa machozi. Si lazima nasi tungoje machozi ndipo tujifunze.

Na kusema kweli, machozi tumekwisha kuyamwaga. Mwaka 1994, katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, wilaya ya Rombo, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini usiku. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni katika Shule ya Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa. Mwaka 2020 wanafunzi 10 walikufa katika bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwezi Septemba 2024, wavulana 21 walipoteza maisha katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mikasa hii haikuwa na chanzo kimoja, wala dawa yake si moja. Lakini yote ina mambo mawili yanayofanana: ilikuwa usiku, na waliokuwa hatarini walikuwa watoto waliolala.

Sasa tuje kwenye utunzaji wenyewe. Chama cha Taifa cha Kukinga Moto cha Marekani, NFPA, ambacho kimeichunguza habari hii kwa miaka mingi, kinasema kwamba katika nchi yao vifo kama 3 katika kila 5 vya moto wa nyumbani hutokea katika nyumba zisizo na kengele, au zenye kengele isiyofanya kazi. Na walipochunguza kwa nini kengele zilizokuwako hazikulia, sababu iliyoongoza ni betri: ama imechomolewa, ama imelegea, ama imekwisha nguvu. Kwa maneno mengine, watu wale walikuwa na mlinzi, lakini walikuwa wamemnyima chakula.

Mimi ninayeandika haya sina haki ya kumnyoshea mtu kidole. Nyumbani kwangu saa ya ukutani ilisimama, na dukani jioni ile hapakuwa na betri. Nikapanda juu ya kiti, nikachomoa betri mbili za kengele ya ushorobani, nikazitia katika saa, nikasema moyoni kwamba kesho nitanunua nyingine. Kesho hiyo ilichukua miezi minne. Usiku mmoja maharage yaliachwa kwenye jiko la gesi, mama watoto akatoka kidogo kwa jirani, nami niliyeachiwa kuyatazama nikapitiwa na usingizi kitini. Aliyeniamsha ni mwanangu mdogo, kwa kikohozi chake. Jiko lilikuwa limejaa moshi mweusi, na kitambaa kilichotundikwa karibu na moto kilikuwa kimekwisha kushika. Tulikizima, na hatukupoteza ila sufuria na kitambaa. Nilipoketi nikainua macho ukutani. Saa ilikuwa ikienda vizuri kabisa, ikinionyesha saa nne na robo. Nimekuwa nikiwafundisha wenzangu wajibu kwa kalamu miaka mingi, lakini somo lile nilipewa na mtoto mwenye kikohozi.

Basi, ndugu msomaji, haya ndiyo yapasayo kufanywa, nayo si magumu.

Jambo la kwanza ni kuijaribu. Kila kengele ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kwa kidole au kwa mpini wa ufagio mpaka ilie kwa sauti kubwa. Fanya hivyo walau mara moja kila mwezi. Askari wa zimamoto wa Uingereza huwahimiza watu wao wafanye hivyo kila juma. Chagua siku ambayo huwezi kuisahau, kama vile siku ya kupokea mshahara. Na siku hiyo watoto wawepo, ili waijue sauti yake na wajue maana yake. Hapana haja ya kuijaribu kwa kuwasha karatasi chini yake, kwani huo ni mchezo wa kutafuta moto huku tukiukimbia.

Jambo la pili ni betri. Badili betri mara moja kila mwaka, hata kama ile ya zamani ingali na nguvu kidogo, isipokuwa kengele yako ni ya namna iliyofungwa betri ya kudumu miaka 10, ambayo haifunguliwi. Kengele inapotoa mlio mfupi kila baada ya muda mfupi, aghalabu yakuambia kwamba betri yake yakaribia kufa. Huo si usumbufu, ni ombi. Mwenye kuchomoa betri ili apate usingizi amemziba mdomo mlinzi anayelalamika kwa njaa. Na kengele zilizounganishwa na umeme wa nyumba nazo huwa na betri ya akiba, kwa ajili ya saa ambazo umeme umekatika. Usidhani kwamba kwa kuwa imeunganishwa na waya haitaki kuangaliwa. Saa ambayo umeme umekatika ndiyo saa ya mishumaa na vibatari, na ndiyo saa ya hatari.

Jambo la tatu ni usafi. Nchi yetu ni ya vumbi na wadudu. Buibui hutanda utando wake ndani ya kichumba cha kifaa, na wadudu wadogo huingia, kikawa kinalia bila sababu au hakilii kabisa. Kila baada ya miezi michache kifute kwa brashi laini kavu. Usikioshe kwa maji, usikipulizie dawa ya wadudu, wala usikipake rangi. Mafundi wanapopaka dari, kifunike, na wakimaliza mfunuo uwe wa siku ile ile. Zimekwisha kuonekana kengele nyingi zilizovalishwa mfuko wa nailoni siku ya kupaka rangi, zikaachwa nao mwaka mzima.

Jambo la nne ni umri. Kengele ya moshi haidumu milele. Geuza mgongo wake utaona tarehe ya kutengenezwa. Ikipita miaka 10 tangu tarehe hiyo, inunuliwe nyingine, hata kama kitufe kingali chaitika. Yale madini ya amerisiamu huchukua miaka 432 ndipo yapungue nusu, lakini kinachozeeka si madini, ni sehemu nyingine za kifaa na vumbi lililojikusanya ndani yake. Kengele ya namna hiyo isibomolewe wala isitupwe motoni, na watoto wasipewe kuichezea.

Jambo la tano ni mahali pa kuiweka. Moshi hupanda juu, kwa hiyo kengele huwekwa darini, au ukutani karibu na dari. Yafaa iwepo moja katika kila chumba cha kulala, moja ushorobani nje ya vyumba hivyo, na moja katika kila ghorofa. Asiyeweza kununua zote na aanze na ya ushorobani, karibu na milango ya vyumba. Isiwekwe karibu na dirisha au pangaboi, maana upepo huutawanya moshi kabla haujaifikia. Wala isiwekwe jikoni, bali mbali na jiko kwa mita 3 au zaidi. Hili ni la maana sana kwetu tunaopikia mkaa na kuni, tunaofukiza udi na kuwasha dawa za mbu. Kengele iliyo mahali pasipofaa hulia kila siku, na ile inayolia kila siku mwishowe hunyamazishwa. Dawa ya kengele yenye kelele ni kuihamisha, si kuiua.

Hapa hapana budi tutoe onyo moja zito. Kengele ya moshi hutambua moshi tu. Haitambui ile hewa ya sumu ya mkaa, ambayo haina rangi wala harufu. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani wakati wa baridi, na madirisha yakafungwa, laweza kuwaua wote waliomo huku kengele imenyamaza kimya, na hali kengele hiyo ni nzima kabisa. Kwa hewa hiyo kuna kifaa chake kingine. Lakini dawa iliyo rahisi na ya hakika ni hii: jiko la mkaa lisilale ndani pamoja na watu.

Tena, kengele huamsha tu, haizimi moto wala haifungui mlango. Katika nyumba zetu nyingi madirisha yana nondo na milango ina makufuli, kwa kuogopa wezi. Ni haki kuogopa wezi, lakini nyumba isigeuke gereza siku ya moto. Ufunguo wa mlango ukae mahali pamoja usiku kucha, karibu na mlango lakini pasipofikika kwa mkono kutoka nje, na kila mtu wa nyumba apajue hata gizani. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na Australia umeonyesha kwamba watoto wengi huendelea kulala fofofo hata kengele ikilia karibu nao. Kwa hiyo yapasa ijulikane mapema ni mtu mzima gani atakayemwamsha mtoto gani, na nani atakayemshika mkono bibi au mgonjwa. Kengele ikilia, watu watoke wakiwa wameinama chini ya moshi, wafunge milango nyuma yao, wakutane mahali palipokubaliwa, kisha walipigie simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo namba yake katika Tanzania ni 114. Mtu asirudi ndani kwa ajili ya televisheni wala sanduku la nguo.

Twajua litakaloulizwa: ni nani atakayelipa? Mpangaji atasema nyumba si yake, na mwenye nyumba atasema maisha si yake. Majibizano ya namna hiyo hayazimi moto. Mwenye nyumba anayepokea kodi kila mwezi ana wajibu wa kuwawekea wapangaji wake kengele, na akiona ni mzigo, na akumbuke kwamba nyumba ikiteketea huteketea pamoja na kodi yake. Mpangaji naye ana wajibu wa kuijaribu na kutomnyang'anya betri zake. Wafanyakazi wanaoishi katika nyumba za waajiri wao waliulize jambo hili katika mikutano yao, kama wanavyouliza juu ya maji na vyoo. Na walio na watoto katika shule za bweni wasione haya kumwuliza mwalimu mkuu: je, bwenini mna kengele, na ni lini mara ya mwisho ilipojaribiwa?

Mahali ambapo mtu mmoja hawezi, majirani wanaweza. Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wakimaanisha kwamba kazi hufanikiwa kwa kushirikiana. Ikiwa vijinga vikikutana huwasha moto, basi na majirani wakikutana waweza kuuzuia. Kijana mmoja mwenye ngazi na brashi aweza kuzipitia kengele za jengo zima kwa alasiri moja, na bibi mzee wa ghorofa ya chini asiyeweza kupanda kiti akalala salama kama wengine.

Basi leo jioni, ukitoka kazini, kabla hujaketi kula, inua macho yako darini. Ikiwa kengele ipo, bonyeza kitufe. Ikilia, mshukuru mlinzi wako na umwache aendelee na kazi yake. Isipolia, usiseme kesho. Ninaijua kesho hiyo. Kwangu ilikuwa na urefu wa miezi minne.